Pampu Ikae Mfukoni: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Shule za Mkoa wa Tanga

Makorora, Tanga

Ndugu zangu Wakuu wa Shule na Walimu Wakuu, pamoja na matroni na patroni wenu,



Fomu ya kujiunga na shule ya binti yangu ninayo mpaka leo, nimeikunja ndani ya msahafu wa marehemu mama. Iliagiza jembe lenye mpini, fyekeo, mafagio mawili, moja la chelewa na moja la ndani, ndoo yenye mfuniko, godoro, shuka jozi mbili, rimu ya karatasi. Vyote nilivipata soko la Mgandini kwa asubuhi moja, nikarudi nyumbani na mkokoteni kama mtu anayehamia. Ukurasa wa tatu, kwenye kanuni za bweni, palikuwa na mstari mmoja: dawa zote zitakabidhiwa kwa matroni siku ya kuripoti. Mimi ni mtu wa kutii maandishi. Nilikabidhi panadol, nikakabidhi mafuta yake ya ngozi, na pampu yake ya pumu nikaikabidhi vilevile. Matroni akaviandika kwenye daftari, akavifungia kabatini, akanihakikishia kuwa mtoto yuko mikononi salama. Nilimwamini, na hata leo sisemi kwamba alinidanganya.

Ilikuwa Julai, kipupwe. Usiku wa manane kifua kikambana binti yangu. Matroni alikuwa amepewa ruhusa kwenda msibani, na ufunguo wa kabati alikuwa nao kiunoni, huko msibani. Mwalimu wa zamu alikaa mbali na bweni. Wenzake wakamkalisha kitandani, wakamzunguka, taa ikawashwa, kila mmoja na lake. Mmoja akasema ni mapepo, kwa sababu macho yalikuwa yamemtoka na hasemi neno. Wakaanza kumsomea. Mwingine akamlaza chali ili apumzike. Kisha mluzi wa kifuani ukakatika, wakapumua wao: ametulia, alhamdulillahi.

Hakuwa ametulia. Kifua cha mwenye pumu kinapopiga mluzi, ujue hewa ingali inapita, ingawa kwa shida. Kikinyamaza ghafla huku mgonjwa bado anahangaika, maana yake hewa inayopita ni kidogo hata haitoi sauti. Ukimya ule ni hatari kuliko mluzi. Nawasihi, kama mna haraka na hamtafika mwisho wa barua hii, basi ondokeni na hilo moja.

Aliyemwokoa ni mlinzi, mzee wa Kidigo ambaye sidhani kama alimaliza darasa la saba. Mkewe ana pumu. Alipowasikia watoto wakilia alifika, akamtazama mara moja, hakuuliza mtu. Akachukua mtaimbo akavunja kofuli ya ofisi na kofuli ya kabati, akampa pampu, akamwinua akae wima. Asubuhi nilipigiwa simu kuambiwa binti yangu aliumwa kidogo usiku lakini sasa ana nafuu. Habari ya mtaimbo nilikuja kuisikia likizo. Mlinzi, nasikia, aliandikiwa barua ya kujieleza juu ya kofuli mbili.

Jina la shule sitalitaja. Kwanza kwa sababu walimu wale si watu wabaya. Pili kwa sababu si shule moja. Tangu siku ile, kila nikikaa kliniki na akina mama wenzangu wenye watoto wa pumu, nawaomba wanionyeshe fomu zao za kujiunga. Mstari ni uleule. Umenakiliwa kutoka fomu hadi fomu kama dua ya ufunguzi.

Kanuni hiyo ina sababu zake, na mimi si wa kuzidharau. Watoto 200 wakikaa na vidonge vyao mifukoni, mmoja atampa mwenzake asichostahili, mwingine atakunywa vyote siku atakayogombana na rafiki yake. Nimelea wanne, nayajua. Lakini pampu si kidonge. Ile ya bluu, ya kutuliza, ina salbutamoli, dawa inayolegeza misuli ya njia za hewa iliyojikaza, na inafanya kazi ndani ya dakika chache. Haileweshi wala hailazi usingizi. Mtoto asiye na pumu akiipuliza kwa utundu atatetemeka mikono na moyo utamwenda mbio kwa muda, basi. Linganisheni na upande wa pili wa mizani: mwenye pumu aliyebanwa anazo dakika, na dakika hizo hazimsubiri mtu arudi kutoka msibani. Kizima-moto hamkifungii kabatini, mnakitundika ukutani pale kila mtu anapokiona. Sijui kwa nini hili limekuwa gumu.

Wenzetu walishalimaliza. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2004 ya kuyapa majimbo motisha yaruhusu wanafunzi kubeba pampu zao wenyewe shuleni. Uingereza, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2014, shule zimeruhusiwa kununua pampu za salbutamoli za dharura bila cheti cha daktari, ili hata mtoto aliyesahau yake nyumbani asife kwa kusahau. Najua mtaniambia hizo ni nchi za fedha. Ninachoomba mimi hakina gharama. Pampu tumeshainunua sisi wazazi.

Wala msidhani ni habari ya watoto wawili watatu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 pumu ilikuwa na wagonjwa milioni 262 duniani, ikaua watu 455,000, wengi wao katika nchi kama yetu, ambako ugonjwa hautambuliwi mapema na dawa hazifiki. Hapa kwetu, utafiti uliochapishwa 2014 uliwauliza wanafunzi wa sekondari wa Bagamoyo na Ilala. Waliosema kifua kiliwapiga mluzi ndani ya mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya mmoja kati ya kumi Bagamoyo, na mjini Ilala karibu mara mbili ya hao. Bagamoyo ni pwani kama sisi, upepo wetu mmoja. Hesabuni vitanda vya bweni lenu.

Kuna jambo la Tanga ambalo nadhani ndilo linatuponza. Sisi tumezoea watu kukosa pumzi. Tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge mwaka 1893, ikasalimika 62 tu kati ya 1,000 na kupandwa Kikogwe, Pangani, mkoa huu umelelewa na mkonge, na mkonge una vumbi. Neno korona sisi tulikuwa nalo miongo mingi kabla ya ule ugonjwa wa 2020: ni mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Marehemu baba alifanya kazi brashi, chumba ambamo nyuzi zilizokauka husuguliwa zing'ae, na hewa yake huwa nyeupe. Alijifunga kitambaa puani. Alikohoa miaka yote ninayomkumbuka, na hatukuwahi kukiita kile kikohozi ugonjwa. Kilikuwa sehemu ya kazi, kama kuchelewa kwa mshahara. Baadaye watafiti, Akwilina Kayumba na wenzake, walipowapima wafanyakazi wa viwanda vya mkonge nchini, walikuta vifua vya watu wa brashi vimeumia kweli. Baba hakuwepo kusikia. Nalisema hili kwa sababu namwona mwalimu wa zamu akimtazama mtoto anayehema asubuhi, akiona kitu cha kawaida, na najua kawaida hiyo imetoka wapi.

Nikitaja vumbi nimefika kwenye usafi wa asubuhi. Wanafunzi 400 na mafagio ya chelewa kwenye uwanja mkavu wa kaskazi, saa kumi na mbili na nusu, jua linachomoza ndani ya wingu jekundu. Bibi zetu hawakufagia hivyo. Walichota maji kwa kata wakanyunyiza kwanza, ndipo wakafagia. Rudisheni hiyo kata. Na mwenye pumu apewe kazi nyingine, ya kuchota maji au kufuta madirisha kwa kitambaa kibichi, bila kuitwa mvivu. Ubao nao asiufute. Jiko la kuni lililo ubavuni mwa darasa sitalisemea sana, Serikali imeshaziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa. Kuagizwa ni jambo moja. Moshi bado tunauona.

Lakini mchakamchaka msimfutie mtoto. Hapa wazazi wengine hawatanipenda. Pumu haimkatazi mtu kukimbia, inamkataza kukurupuka. Aanze polepole, na kama daktari wake ameagiza, apulize pampu kabla. Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu tangu utotoni, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25. Rekodi hiyo ilidumu mpaka 2019, alipokuja kuivunja Brigid Kosgei wa Kenya kule Chicago. Mtoto akisema leo kifua kinabana, aaminiwe leo. Kesho atakimbia. Tena akichelewa mstarini kwa sababu hiyo, asizungushwe uwanja: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza adhabu isiyoendana na umri wa mtoto na hali yake ya mwili na akili, na sidhani kuna mfano wa wazi zaidi ya kumkimbiza mtu asiye na pumzi.

Sasa ngozi. Sisi wa pwani ukurutu tunauita pumu ya ngozi, na aliyelibuni jina hilo alikuwa na macho, maana mara nyingi vinakwenda pamoja: mtoto anaanza na ngozi inayowasha akiwa mchanga, baadaye mafua yasiyoisha na kupiga chafya, kisha kifua. Mwili ni uleule mmoja unaoshtuka mbele ya vitu ambavyo miili mingine inavipuuza. Binti yangu mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti hupasuka. Bwenini walimwita mwenye ukoma. Kitanda cha jirani kilihamishwa. Mwalimu mmoja, kwa nia njema kabisa, alimtenga wakati wa kula asije akawaambukiza wengine. Ukurutu hauambukizi. Hauambukizi kwa sahani, kwa shuka wala kwa kushikana mikono. Laiti lingesemwa mara moja tu mstarini, na mwalimu mwenye sauti, lingemsaidia kuliko krimu yoyote niliyomnunulia.

Ngozi ya namna hiyo haishiki maji, kwa hiyo lazima ipakwe mafuta mazito, ya mgando, mara tu baada ya kuoga, asubuhi na jioni, kila siku. Kwake hayo ni tiba, si urembo wa kumnyang'anya. Sabuni ya mche inamkausha. Maji ya kisima cha chumvi, ambayo shule nyingi za ukanda huu hazina mbadala wake, yanamkausha zaidi. Sweta la nailoni ndani ya joto la Tanga Februari ni adhabu hata kwa mwenye ngozi nzima. Mruhusuni shati la pamba la mikono mirefu. Na akina matroni, nawaomba kwa heshima, msiwape krimu zile za kung'arisha zinazouzwa kwa vikopo visivyo na maelezo. Nyingi zina steroidi kali. Steroidi ni dawa nzuri kwa ukurutu ikitolewa na anayeijua, kwa siku alizozihesabu. Ikipakwa miezi bila hesabu inaichuja ngozi mpaka inakuwa karatasi. Pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, tangu 1992 kinafundisha watumishi wa afya. Ulizieni hospitali ya wilaya yenu kama wanaye mmoja aliyesoma pale.

Mzio wa chakula nitaupitia haraka. Shule zetu hula makande na ugali maharage, hatari ni chache kuliko nyumbani, ambako kamba, pweza na karanga viko kila sinia. Ila mtoto akisema hali karanga, asiambiwe anadeka. Na mtoto akila kitu, midomo ikavimba, mwili ukatoka mabaka, akaanza kukohoa au kutapika na kuishiwa nguvu, hapo hapana maziwa wala mkaa wa kusaga. Anahitaji sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, kwa hiyo ni safari ya kituo cha afya kilicho karibu, kwa bodaboda, kwa gari la mkuu wa shule, kwa chochote chenye injini. Zile sindano za kujidunga mwenyewe ambazo watoto wa Ulaya hutembea nazo, kwenye maduka yetu ya dawa si kitu cha kutegemea.

Na sisi wazazi tuna letu, nisije nikaonekana nawavua nguo walimu peke yao. Tunaficha. Msichana ana pumu, tunahofia watu watasema hazai, haolewi, basi kwenye fomu ya daktari tunaomba paachwe wazi. Tunawaambia watoto wasizoee pampu maana ukiizoea huiachi, kana kwamba mwenye miwani anaambiwa asizoee kuona. Tunampeleka mtoto shule na ile ya bluu tu, wakati aliandikiwa na ya kuzuia, ile ya kila siku inayotuliza uvimbe wenyewe ndani ya njia za hewa, kwa sababu ya kuzuia haionyeshi kazi yake papo hapo na bei yake inauma. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu umesema wazi kuwa kutibu kwa ile ya kutuliza peke yake hakutoshi. Mtoto anayeitafuta ya bluu kila siku hajaizoea. Pumu yake haijadhibitiwa, na inatakiwa arudishwe kwa daktari. Hapo ndipo daftari la matroni lingefaa kweli: wanafunzi wawe na pampu zao, yeye aandike nani ameitumia mara ngapi wiki hii. Tena godoro na mto wa sufi tunaowapa kwa kuwa ulikuwa wa bibi, mto mzito wa vumbi na unyevu wa masika mbili tatu, tuuache nyumbani. Udi nao usifukizwe nguo zake za shule. Mimi mwenyewe nilimfukiza miaka minane kila Alhamisi jioni, kwa mapenzi, na kila Ijumaa nikishangaa kwa nini anakohoa.

Mlichokuwa mnakingoja labda ni kitu cha kufanya usiku ule ukiwafikia. Waaustralia hufundisha watu wa kawaida kwa nambari nne. Mkalishe wima, usimlaze, ondoa umati. Mpe pampu mara nne, kila mpulizo mmoja avute pumzi nne. Subiri dakika nne. Hakuna nafuu, mpe nyingine nne hivyo hivyo, na safari ya hospitali iwe imeshaanza, huku mkiendelea kumpa njiani. Dalili za kutosubiri ni kushindwa kumaliza sentensi, midomo na kucha kubadilika rangi (kwa ngozi zetu tazameni ulimi na ndani ya mdomo), na ule ukimya niliousema mwanzo.

Mtoto aliyebanwa sana hawezi kuilenga pumzi yake na mpulizo, dawa inaishia ulimini. Kwa hiyo hutumiwa chombo cha kuikusanya kwanza, spesa. Haipo? Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999, katika jarida la Lancet, kuwa chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita, ikitobolewa kitakoni tundu la kiasi cha mdomo wa pampu na kuzibwa kwa gundi, inafanya kazi sawa na spesa ya dukani. Watoto waliibana midomo kwenye shingo ya chupa wakavuta. Chupa hizo ziko kwenye jalala la kila shule mkoani humu. Mwalimu wa sayansi na kidato cha tatu wanaweza kutengeneza kumi kwa kipindi kimoja, mwonyesheni muuguzi wa zahanati kabla ya kuzitumia, kisha moja itundikwe kila bweni.

Binti yangu sasa yuko kidato cha pili, shule ileile. Sikumhamisha, kwa kuwa sina hakika ningempeleka wapi ambako mstari ule haupo. Pampu anayo mfukoni mwa sketi, nimemshonea mfuko wa ndani wenye zipu, na kwa kanuni za shule ni mkosaji. Nimemfundisha mtoto kuvunja kanuni na kunyamaza, jambo ambalo mama yangu asingelikubali, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Ninaomba maneno machache tu yaongezwe kwenye ule mstari wa ukurasa wa tatu. Usomeke: dawa zote zitakabidhiwa kwa matroni siku ya kuripoti, isipokuwa pampu ya pumu, ambayo mwanafunzi atakaa nayo mwenyewe saa zote. Muhuri mnao, na mashine ya kuchapia mnayo. Fomu za kidato cha kwanza hutoka Desemba, na watoto huripoti Januari.

Na yule mzee wa mtaimbo, kama barua yake ya kujieleza ingali kwenye jalada, naomba itolewe. Kofuli mbili nitalipa mimi.

Wenu katika malezi,
Mama wa mwanafunzi wa bweni